Anayesimama kwa Niaba ya Serikali Anasimama na Nani?

Nina kibanda cha fotokopi mkabala na mahakama, katika mji mmoja wa mpakani mashariki mwa Uganda. Jina la mji nitaliacha. Mahakama yetu ni moja, waendesha mashtaka wake ni wachache, na nikitaja mji nitakuwa nimetaja watu. Mteja wangu mkubwa si mwanafunzi wala kanisa, ni upande wa mashtaka. Asubuhi, kabla hakimu hajaingia, mwanamke mmoja wa ofisi hiyo huvuka barabara akiwa na faili za polisi kwapani. Anaziweka mezani na kusema, "Shikamoo Mzee. Nitolee mbili mbili, hizi za mashahidi. Huu ukurasa wa polisi umefifia, ongeza wino kidogo." Mimi humwita Madam kama mji mzima unavyomwita, ingawa kwa umri ni binti yangu.

Siku nyingine karatasi za ofisi zipo. Siku nyingine zimekwisha na fedha za robo mwaka hazijafika, basi Madam hufungua pochi yake. Kama pochi nayo imelala, naandika kwenye daftari la madeni. Nakala zenyewe si hiari. Zamani mshtakiwa aliweza kusikia ushahidi dhidi yake kwa mara ya kwanza akiwa tayari kizimbani. Halafu ikaja kesi ya Soon Yeon Kong Kim na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, shauri namba 6 la mwaka 2007, na Mahakama ya Katiba ikasema kwamba haki ya kusikilizwa iliyo katika ibara ya 28 ina maana mshtakiwa aonyeshwe mapema ushahidi atakaopambana nao, isipokuwa pale upande wa mashtaka una sababu nzito ya kuuzuia, kwa mfano usalama wa shahidi. Uamuzi mzuri, sina ubishi. Ila karatasi lazima anunue mtu.

Kwamba watu hawa wana chama chao nilijua kwa sababu ya kazi hii hii. Madam aliniletea tangazo la michango nichape. Siri za wateja sizitoi, lakini mchango si siri. Chama cha Waendesha Mashtaka wa Uganda, kumbe kipo, na mwanachama anatakiwa kulipa ada kama mwalimu au muuguzi.

Mtaani ukisema jambo hili watu wanacheka. Chama cha walimu wanakielewa, cha boda boda wanakielewa. Serikali nayo iwe na chama? Inamdai nani? Kwa macho ya mtu aliyeko kizimbani, mwendesha mashtaka ndiye serikali yenyewe: ana polisi, ana magereza, ana mhuri. Nimeliangalia jengo hilo kutoka ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu na nimeona vingine. Mshtakiwa ana wakili, na asipokuwa na wakili ana mama yake kwenye benchi la nyuma. Hakimu ana askari mlangoni. Mwendesha mashtaka anatoka jioni na begi lake na kupanda boda boda kwenye kijiwe kile kile ambako ndugu wa yule aliyempingia dhamana asubuhi wamekaa wakimtazama.

Habari hizi nimezaliwa nazo. Baba yangu alikuwa mwendesha mashtaka, ila wa ile aina ya zamani: askari polisi. Mimi ni mtoto wa kambi. Waacholi, Wateso, Walugbara, Wagisu, Wanyankole, kila mlango na lugha yake, na sisi watoto tuligombana na kupatana kwa Kiswahili kwenye foleni ya bomba. Wakati ule kesi nyingi za mahakama za chini nchini ziliendeshwa na askari waliopewa mafunzo ya sheria. Siku za kesi baba alivaa suti ya kijivu iliyong'aa viwiko kwa kupigwa pasi, na hata ndani ya suti aliitwa Afande.

Mkubwa aliyeamuru mtu akamatwe ndiye aliyekuwa pia mkubwa wa baba. Ndiye aliyesaini likizo yake, ndiye aliyejua nyumba gani ya kambi inavuja na nani ahamishiwe humo. Sasa faili inamfikia baba, anaisoma usiku kwa taa ya kandili, anaona haina miguu: shahidi mmoja hakuona, wa pili hajulikani aliko, kielelezo kimepotea stoo. Aende mbele ya hakimu aseme nini? Mara nyingi, nadhani, aliomba tarehe nyingine, na nyingine tena, mpaka kesi ikafa kwa uzee huku mtu yuko rumande. Ndivyo wengi walivyofanya. Mara moja hakufanya hivyo. Aliiambia mahakama kwamba hana shahidi na hatarajii kumpata, na mshtakiwa, kijana aliyekamatwa na mkubwa mwenyewe, akaachiwa. Haukupita muda mrefu barua ya uhamisho ikaja. Haikusema ni adhabu. Ilisema ni kwa manufaa ya kazi. Mama alifunga masufuria kwenye shuka, tukapanda lori la polisi juu ya magunia ya mtu mwingine, tukaenda wilaya ambako hatukumjua hata muuza chumvi. Baba hakusema neno njia nzima. Hakuwa na wa kumwambia. Akimlalamikia mkubwa, ni yule yule. Wenzake wa suti za kijivu walitawanyika kila kituo mmoja, kila mmoja akiogopa lori lake.

Mfumo huo ulikuja kubadilishwa polepole. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka iliwaondoa askari kwenye meza ya mashtaka na kuwaweka wanasheria na waendesha mashtaka wa kiraia, wilaya baada ya wilaya. Wakenya wamepita njia hiyo hiyo, Watanzania pia. Ni hatua kubwa, na ninaisema kama mtu aliyekaa juu ya yale magunia. Anayekamata si yule tena anayeshtaki.

Hata hivyo soma ibara ya 120 ya Katiba ya 1995 uone ulinzi umewekwa wapi. Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Umma na kuthibitishwa na Bunge. Lazima awe na sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Anaweza kuwaagiza polisi wachunguze, anaweza kufungua kesi katika mahakama yoyote isipokuwa ya kijeshi, kuchukua kesi iliyofunguliwa na mtu mwingine, au kuisimamisha kabla ya hukumu. Katika kazi hizo hapokei amri ya mtu wala mamlaka yoyote. Na masharti yake ya kazi ni sawa na ya jaji wa Mahakama Kuu. Kiti hicho ni cha heshima kweli kweli: Mike Chibita alitoka pale akaenda Mahakama ya Juu, na Jane Frances Abodo, aliyemfuata mwaka 2020, akawa Jaji Kiongozi mwaka 2025.

Lakini faili ya wizi wa ng'ombe haisomwi na Mkurugenzi. Inasomwa na Madam. Katiba inasema kazi hizo zinaweza kufanywa na maofisa walioidhinishwa, kwa maelekezo ya Mkurugenzi, basi. Masharti ya jaji hayashuki mpaka kwake. Ulinzi wa jaji haushuki, gari la jaji ndiyo usiseme. Uhuru umeandikwa kwa jina la kiti kimoja kilichoko Kampala, na mamia ya watu wanautumia kwa kuazima. Wanapobanwa wilayani na mkuu fulani, na mfanyabiashara fulani, na mwanasiasa ambaye kijana wake amekamatwa, ule uhuru wa kuazima lazima uwe na mtu wa kuushikilia upande wa pili. Hapo ndipo mimi naona kazi ya chama. Bila chama, uhuru wa mwendesha mashtaka wa wilayani unategemea hali ya hewa ya makao makuu siku hiyo.

Na anayedhani ninatia chumvi akumbuke Jumatatu ya tarehe 30 Machi 2015. Joan Kagezi alikuwa mwendesha mashtaka mwandamizi, kiongozi wa kitengo cha makosa ya kimataifa, na ndiye aliyeongoza kesi ya mabomu ya Kampala, yale ya tarehe 11 Julai 2010 yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na mgahawa wa Kabalagala. Jioni hiyo akirudi nyumbani alisimamisha gari Kiwatule, kitongoji cha Kampala, kwenye vibanda vya kando ya barabara, anunue matunda. Watoto wake walikuwa ndani ya gari. Wakaja watu kwa pikipiki wakampiga risasi.

Kuna maelezo mengi ya kifo hicho na sitayarudia. Kinachonigusa ni matunda. Mwanamke aliyebeba kesi nzito kuliko zote nchini alikuwa anasimama kando ya barabara kama mimi na wewe, saa ile watu wanapotoka kazini. Kesi yenyewe iliendelea mikononi mwa wenzake, na Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo akatoa hukumu, baadhi ya washtakiwa wakafungwa maisha. Fikiria hao waliochukua faili kutoka kwenye meza yake wiki ile. Walikuwa na sababu zote za kuugua ghafla, na hawakuugua. Kuhusu mauaji yenyewe, ilichukua muongo mzima: mwaka 2025 ndipo mmoja wa walioshtakiwa alipokiri na kuhukumiwa miaka 35.

Ulinzi wa watu hawa si fadhila. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa, katika mkutano wake wa Havana kuhusu uhalifu, ulipitisha Miongozo ya Kazi ya Waendesha Mashtaka. Imeandikwa humo kwamba dola lihakikishe wanafanya kazi bila vitisho, na kwamba wao na familia zao walindwe pale usalama wao unapokuwa hatarini kwa sababu ya kazi. Imeandikwa pia kwamba wana haki ya kuunda vyama vya kitaaluma na kujiunga navyo, kutetea maslahi yao na kukuza ujuzi wao. Miaka mitano baadaye, 1995, kikazaliwa mjini Vienna Chama cha Kimataifa cha Waendesha Mashtaka, ambacho makao yake sasa yako The Hague. Mwaka 1999 chama hicho kilitoa viwango vya maadili na haki za kazi hii, na kuna sentensi moja humo ambayo ningependa baba angeiona: mwendesha mashtaka asilazimishwe kutii amri isiyo halali au inayokwenda kinyume na maadili ya taaluma. Angeikunja akaiweka kwenye mfuko wa ile suti. Lori lingemchukua tu, hilo najua. Lakini angekuwa na karatasi.

Sasa tufike Julai 2017, maana ukimtetea mtu bila kutaja siku aliyokukera unakuwa mpiga debe. Mwezi ule waendesha mashtaka wa Uganda waliweka kalamu chini. Madai yao yalikuwa mishahara na hali ya kazi. Mwishoni mwa Agosti majaji na mahakimu nao wakagoma kupitia chama chao, mahakama zikawa kama shule wakati wa likizo. Biashara yangu ilikufa, hilo ni dogo. Kubwa lilikuwa rumande. Kesi haiendeshwi bila mtu wa mashtaka. Hakimu anaweza kukaa, karani akaita jina, mshtakiwa akasimama, na hakuna la kufanya ila kumpa tarehe nyingine.

Mama mmoja, muuza dagaa soko la mpakani, alikuwa akija kibandani kwangu kila siku ya kesi kwa sababu benchi langu lina kivuli. Mwanawe alishtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Alibeba posho na maharage kwenye kopo la rangi lililooshwa, amelifunika kwa kitambaa, akisubiri gari la magereza. Wiki za mgomo gari lilikuja na kuondoka. "Baba," ananiuliza, "hawa wanaogoma, mshahara wao unahusiana vipi na baiskeli?" Nilimweleza yote, mishahara, karatasi, Kiwatule. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa. Lakini mwanangu yuko ndani." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri. Haki ya mfanyakazi kugoma iko katika Katiba, ibara ya 40, kwa kufuata sheria. Haki ya mshtakiwa kusikilizwa bila kucheleweshwa iko ibara ya 28. Mgomo wa mashtaka unazigonganisha, na anayeumia si waziri aliyekataa kuongeza mshahara. Ni mtu wa baiskeli.

Nikiangalia nyuma naona mgomo ule ulikuwa dalili ya chama kilichokuwa na silaha moja tu. Mwanasheria wa kujitegemea ana Uganda Law Society, iliyoundwa kwa sheria tangu 1956, yenye ofisi, kamati, na sauti inayosikika redioni kila serikali inapokohoa. Mwendesha mashtaka ni mtumishi wa umma. Hawezi kusimama redioni amseme mwajiri wake, na kesi aliyonayo mkononi haruhusiwi kuijadili. Amezibwa mdomo mara mbili. Chama ndicho kinaweza kusema bila mtu mmoja kunyooshewa kidole: "Wanachama wetu katika wilaya hizi wanatishwa. Wanachama wetu wamehamishwa wiki moja baada ya kukataa faili." Kikisema hivyo mapema, kila robo mwaka, kwa takwimu na bila kelele, hakitahitaji kuzima mahakama ili asikike mtu. Kwenye lile tangazo nililochapa, uhamisho haukuwemo kwenye ajenda hata kidogo. Kulikuwa na sare za michezo.

Huenda ninawaonea. Sare za michezo zina kazi yake, watu wanaokutana uwanjani hupigiana simu shida ikija. Baba hakuwa na hata mmoja wa kumpigia.

Kuna upande mwingine ambao wana chama hawapendi kuusikia kutoka kwa mwenye kibanda. Watu hunijia. Wanaweka karatasi moja nitoe nakala, wanalipa shilingi zao, halafu wanainama: "Mzee, huyu Madam wa mashtaka, anakula?" Wanataka niwe mlango. Mimi husema fotokopi tu ndiyo nauza. Lakini swali lenyewe linaniambia kwamba wapo wanaokula, kwa sababu hakuna anayeuliza njia mahali pasipopitika. Siku hizi njia zimeongezeka. Tangu kanuni za makubaliano ya kukiri kosa za mwaka 2016, mshtakiwa anaweza kukaa na upande wa mashtaka wakakubaliana kosa gani akiri na adhabu gani ipendekezwe, kisha hakimu au jaji aidhinishe. Kwa kupunguza msongamano wa magereza ni jambo jema sana, yule kijana wa baiskeli lilimsaidia. Ila mazungumzo yanafanyika chumbani, na mwendesha mashtaka mwenye mshahara mdogo na daftari la madeni kwa mwenye fotokopi anaingia chumba hicho akiwa dhaifu.

Hapa ndipo chama kitapimwa. Kikiwa cha kutetea kila mwanachama hata aliyeshikwa na noti zenye alama, kitakuwa kambi ya pili, na kambi nimeishi. Nataka kione aibu ya mmoja kuwa hasara ya wote. Daktari mbovu ana baraza linaloweza kumnyang'anya leseni, wakili mbovu vivyo hivyo. Chama cha waendesha mashtaka hakina nguvu hiyo ya kisheria, ila kina nguvu ya kukataa kumsindikiza mtu mahakamani kwa nyimbo.

Niseme kidogo kuhusu mpaka, kwa kuwa ndio unaonilisha. Pikipiki ikiibwa upande wetu usiku, asubuhi iko Kenya imebadilishwa namba. Mwizi ni wa huku, mnunuzi ni wa kule, shahidi ana shamba huku na mke kule. Wote wanazungumza Kiswahili kimoja sokoni. Kisheria lakini ni nchi mbili, na ombi rasmi la ushahidi husafiri kutoka mji mdogo hadi Kampala, kutoka Kampala hadi Nairobi, kisha lishuke tena mpaka hapo ng'ambo ambapo ukisimama juu ya benchi langu unapaona. Madam na mwenzake wa upande wa Kenya wangeweza kumaliza nusu ya shida hiyo kwa kikombe cha chai, kama wangejuana. Chama cha Waendesha Mashtaka wa Afrika Mashariki kipo, na watu wanadhani kazi yake ni mikutano ya hotelini. Mkutano wa hoteli moja ukimfanya mtu wa hapa awe na namba ya simu ya mtu wa pale, mimi nasema chakula kile kimelipwa. Simu haichukui nafasi ya ombi rasmi. Inamwambia mtu ombi liandikwe vipi ili lisirudishwe, na shahidi aitwe siku gani asije akakosa soko.

Mashahidi wenyewe ni sura nyingine kabisa. Kwa miaka mingi Uganda imeendesha kesi za ugaidi, mauaji na magendo makubwa bila sheria maalumu ya kuwalinda mashahidi. Maana yake shahidi aliyeogopa humjia nani? Humjia Madam. Nimemwona akimpa mtu nauli ya kwenda kulala kwa shangazi wilaya nyingine. Nauli hiyo haimo katika fomu yoyote.

Halafu ukaja mwaka 2025. Tarehe 31 Januari Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Michael Kabaziguruka, mwanasiasa aliyekuwa ameshtakiwa katika mahakama ya kijeshi, ilisema raia hawapaswi kushtakiwa katika mahakama za kijeshi jinsi zilivyokuwa zimeundwa, na kesi zao zihamishiwe mahakama za kiraia. Magazeti yaliandika kuhusu wanasiasa, na ni haki yao. Mimi nilifikiria meza. Faili iliyoandaliwa na jeshi kwa ajili ya mahakama ya jeshi ikihamishwa inatua kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na mwanasheria wa kiraia lazima aisome upya aseme kama kuna kesi au hakuna. Ni lile lile la baba na kandili, ila sasa aliyekamata ni mkubwa zaidi. Mwezi Juni mwaka huo huo sheria ya majeshi ikarekebishwa, na mlango wa raia kupelekwa mahakama za kijeshi ukafunguliwa tena kwa makosa fulani. Wanasheria watabishana juu ya hilo miaka. Wakati wakibishana, kuna kijana mahali fulani amekabidhiwa faili na anatakiwa asaini.

Akisaini kwamba kuna kesi, hakuna atakayemuuliza. Akiandika kwamba ushahidi hautoshi, simu itaanza kulia jioni, kutoka namba asizozijua. Siku hiyo kinachotakiwa si semina wala fulana. Anahitaji mwanasheria mmoja wa chama anayepokea simu saa nne usiku na kumwambia andika sababu zako hivi, tuma nakala kwangu sasa hivi, na kesho barua ya chama itakuwa kwa Mkurugenzi kabla ya saa tatu. Anahitaji mfuko mdogo wa kumhamisha yeye na watoto kwa wiki mbili. Michango ya mwaka inatosha kuanzisha hayo mawili, nimepiga hesabu nyuma ya karatasi iliyoharibika nikisubiri umeme urudi. Nilimwonyesha Madam. Akaisoma, akaikunja, akasema atampa katibu wao, na akaniomba nimtolee nakala nyingine abaki nayo, nimwandikie kwenye deni.